Gitaa Nililolikataa

Nyumbani
4 Februari

Mdogo wangu Vidole,

Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka, nawe hupokei. Basi nakuandikia, na ujue mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Mama bado anafungua bahasha zako mwenyewe na kuzisoma kabla yangu. Tangu masikio yalipoanza kumtupa mkono, barua ndiyo namna pekee ya kukusikia, kwa hiyo ukijibu, jibu kama mtu mwenye adabu.

Habari yenyewe ni hii. Daktari kasema kiasi kidogo cha usikivu alichobaki nacho hakitafika mwisho wa mwaka. Kwa sasa anasikia sauti nzito tu, tena iwe kubwa na iwe karibu. Sauti yangu haisikii, na wewe wajua mimi sauti ninayo, nashinda machinjioni nikikagua nyama na kugombana na wachinjaji. Juzi kaniuliza mbona siku hizi hupigi ule wimbo wako wa kufulia, ule uliotunga ukiwa mtoto, umekalia ndoo iliyopinduliwa huku yeye anafua. Nikamwandikia kwenye karatasi kuwa uko na bendi na ziara haziishi. Akasoma, akasema, "Basi nitaondokewa na masikio kabla sijausikia tena." Alivyosema ungedhani anazungumzia sabuni iliyoisha. Nikatoka uani kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Huji kwetu. Mara ziara, mara mazoezi, mara mwenye hoteli kakunyima ruhusa. Mwaka mzima sasa ni nyimbo hizo hizo za visingizio, na nakwambia bila kupepesa macho, unanitia kinyaa. Mtu anapigia gitaa walevi wasiomjua, na mama yake mwenyewe anaomba kama ombaomba!

Kwa hiyo nitaupiga mimi. Usicheke. Sijawahi kushika gitaa, na vidole vyangu vimezoea kisu na maini, lakini nitajifunza. Nataka la umeme. La kawaida mama hatalisikia hata nikimpigia sikioni, ila la umeme lina spika, na spika naweza kuisogeza mpaka kwenye magoti yake. Niambie mtu asiyejua kitu anachaguaje gitaa lake la kwanza. Eleza kwa lugha ya mtu wa nyama, siyo ile unayojitapa nayo redioni.

Dada yako,
Mkaguzi


Mjini, chumbani kwangu
13 Februari

Dada, shikamoo. Mama nawe shikamoo, najua ni wewe unayesoma kwanza, na najua umevaa miwani juu chini.

Dada, hasira zako nimezipokea zote, nimezipanga kwenye kabati. Sitajitetea. Kazi zimenibana na sijui lini zitaniachia. Tuzungumze gitaa.

Kwanza, rangi isikudanganye. Rangi haipigi. Pili, kaa chini nalo, lilaze pajani. Likikuelemea upande mmoja kama mtoto aliyelala, liache. Tatu, tazama shingo yake kwa kuifumbia jicho moja, kama unavyotazama kisu kama kimepinda. Inyooke. Nne, angalia nyuzi ziko mbali kiasi gani na shingo. Zikiwa juu sana, utabonyeza mpaka ulie, na mwanafunzi akilia wiki ya kwanza, ya pili haioni. Tano, zungusha funguo za kukazia nyuzi. Zikilegea zenyewe, kila ukipiga utakuwa unapiga uongo. Spika iwe ndogo, ya kubeba kwa mkono mmoja.

Na kubwa kuliko yote, muuzaji asikupigie. Lishike wewe, ulipige vibaya wewe, usikilize linavyokujibu.

Nenda kwa Fundi Waya, yule aliyekuwa akinitengenezea magitaa yangu ya kwanza, bado yuko huko huko nyumbani, kwenye barabara ya vipuri. Nasikia ana gitaa jekundu lililotumika. Litazame hilo kwanza.

Mdogo wako,
Vidole


Nyumbani
21 Februari

Vidole,

Marahaba. Mama kasema miwani hajaivaa juu chini, kisha akaigeuza.

Ushauri wako niliufuata, ila la Fundi Waya sikulitazama kwanza. Nilianza na lile duka kubwa la vioo, nikitaka kitu kipya ambacho hakijashikwa na mtu. Muuzaji alinukia manukato mpaka yakanikaa kooni. Nikamwambia nataka gitaa la umeme la mtu anayeanza. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye buti zangu za kazini, akaniuliza ni la mjukuu? Nikasema ni langu. Akaniletea la rangi ya waridi, eti hili ndilo kina mama wanalipenda. Sijui ni kina mama gani hao.

Nikanyoosha mkono kulishika, akalichukua yeye! Akaliwasha, akafumba macho, akauma mdomo wa chini kama mtu anayeng'olewa jino, akapiga kelele ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Alipomaliza akafumbua macho kuona kama nimezimia kwa mapenzi. Nilipolipata hatimaye mikononi, vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kukatiza shingo vilikuwa havijapigwa msasa pembeni, vikanikwaruza kiganja, na funguo zililegea kama meno ya mzee. Nje rangi ya harusi, ndani aibu tupu.

Ndipo nikaenda kwa Waya wako. Duka lenyewe ni vumbi, na juu ya meza kuna kopo la vichungi vya sigara linalotema moshi bado. Akanipa hilo jekundu. Nilivaa glavu. Usiniambie nazidisha, nilivaa kwa sababu nilikuwa nazo mfukoni na kwa sababu nina akili.

Mdogo wangu, nimekagua mizoga maisha yangu yote ya kazi. Nimeona minyoo ya ini, nimeona majipu yaliyofichwa chini ya mbavu, nikala chakula cha mchana baadaye bila shida. Gitaa lile sikuweza. Shingoni, kati ya chuma na chuma, kuna ugando wa kijivu, ukiukwangua kwa ukucha unatoka kama nta ya sikio. Kichwani limeungua kwa sigara. Nyuzi zimeshika kutu. Mgongoni limechanwa mikwaruzo miwili miwili, mmoja wa kina na mmoja mwepesi, utadhani paka kajinolea kucha. Nikalinusa. Jasho, bia, mafuta ya nywele na kwapa la mwanamume.

Nikamwambia Waya mbele ya wateja wake, "Hili nimelikataa. Lingekuwa nyama ningelimwagia dawa nikalizika. Aliyelimiliki alilelewa bandani." Waya alinitazama kwa huruma, kana kwamba mchafu ni mimi.

Nitajie duka lingine.

Dada yako,
Mkaguzi


Mjini
1 Machi

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo.

Duka lingine sikutajii. Rudi kwa Waya ukalichukue lile jekundu.

Dada, ule si uchafu kama unavyodhani. Mtu akipiga kila siku chini ya taa za jukwaa, zile taa zinakaanga. Jasho linashuka mkononi, linaingia kwenye mbao, na hakuna anayesimamisha wimbo akajifute. Ile sehemu iliyoungua kichwani ndipo mpigaji anapochomeka sigara yake kati ya nyuzi mikono yote miwili ikiwa kazini. Si ustaarabu, nakubali, lakini si mtu wa bandani. Huenda alilelewa vizuri tu, na mama mzuri tu.

Shingo yake imesuguliwa na kiganja mpaka imekuwa laini, haitakukwaruza. Nyuzi zake ziko chini, hazimuadhibu anayeanza. Na ile swichi yake, ukiisukuma chini kabisa mpaka ishike, hutoa sauti nzito inayoingia kifuani. Mama ataisikia ile. Sidhani kama kuna gitaa lingine huko nyumbani ambalo mama atalisikia.

Usilikatae kwa sababu ya harufu. Nakuomba.

Mdogo wako,
Vidole


Nyumbani
9 Machi

Vidole,

Shikamoo yako nimeiona. Ikae hapo hapo ilipo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara inanuka zaidi. Hapo mwanzo ulisema "nasikia" Waya ana gitaa jekundu. Sasa wajua shingo yake ilivyo laini, wajua nyuzi zake ziko chini, wajua hadi swichi inavyoshika. Uko huko, gitaa liko huku. Umeyajuaje?

Nitakwambia umeyajuaje. Wewe na Waya mmepatana. Yeye anakutajia uozo alionao dukani, wewe unawatumia watu, na wakinunua unapata chako. Wengine sawa, wajinga wapo. Lakini mimi? Kwa ajili ya masikio ya mama? Umeona mama anazibika, ukaona na pa kupatia hela. Machinjioni kuna madalali wanaokuja na ng'ombe aliyekufa njiani, wamempaka damu mbichi shingoni aonekane kachinjwa. Nawafukuza kwa mjeledi. Sikujua mmoja wao nimembeba mgongoni utotoni.

Nilipita kwa Waya jana, si kununua, ni kumtazama usoni tu. Akaniambia kwamba tangu nilipolitangaza, hakuna mteja anayeligusa. Kuna mtu anataka vile vinasa sauti vyake vya ndani, kwa hiyo Jumatatu atalifungua, avitoe, na mbao zitakwenda kuwa kuni. Nikamwambia heri.

Mama alisoma barua yako kabla yangu kama kawaida. Alikaa nayo dirishani mpaka chai ikapoa. Sikumuuliza alikuwa anawaza nini, maana nilikuwa na aibu kwa niaba yako.

Mkaguzi


Mjini
14 Machi

Dada, shikamoo.

Ndiyo. Umenishika. Napata changu kwa Waya. Ni kama ulivyosema yote, na hata matusi uliyoyabakisha nayakubali.

Sasa kwa kuwa umeshanijua, natuma barua hii kwa dereva wa basi iwahi Jumatatu. Nenda kalichukue kabla hajalifungua. Unitukane ukiwa umelishika mkononi. Dalali mbaya anaweza kuwa na ng'ombe mzuri, dada, na hili ni zuri. Badilisha nyuzi, weka mpya.

Wimbo wa kufulia unaanza hivi. Nyuzi zinahesabiwa kutoka ule mwembamba, ulio chini, ndio wa kwanza. Chukua uzi wa tano, bonyeza chuma cha tatu, piga. Usibonyeze juu ya chuma chenyewe, bonyeza nyuma yake kidogo. Kisha uzi wa nne ukiwa wazi, usibonyeze kitu. Kisha uzi wa nne tena, chuma cha pili, mara mbili, kama mama anavyokung'uta shati. Rudia mpaka isikike kama mtu asiye na haraka.

Sehemu ya katikati sikuandikii. Haiandikiki. Ukipiga ya mwanzo tu mama ataujua.

Mama, nisamehe.

Vidole


Nyumbani
2 Aprili

Vidole,

Kaa kitako usome hii yote. Usiruke hata neno.

Gitaa tumelinunua. Nasema tumelinunua kwa sababu si mimi, ni mama. Alisoma barua yako, akaikunja, akavaa viatu vya kutokea. Nikamwandikia, "Mama, mwanao amekiri mwenyewe kuwa anatuuza." Akasoma, akacheka mpaka akashika mlango. "Huyu ale kamisheni? Huyu niliyekuwa namtuma dukani anasahau chenji?" Tukakuta Waya kashatoa skrubu za juu. Alipomwona mama, akazirudisha moja baada ya nyingine.

Nililisafisha siku nzima. Nilivua nyuzi zote, nikachukua spiriti na mswaki, nikasugua shingo chuma kwa chuma. Maji ya beseni yalibadilika kuwa rangi ya mchuzi wa figo. Ugando nilioutoa ungejaza kijiko, naapa. Nilisonya kuanzia asubuhi hadi jioni, na kila nikisonya nilikutaja wewe na huyo nguruwe aliyelimiliki kwa pamoja.

Nikaweka nyuzi mpya, Waya akanikazia. Nikasogeza spika magotini pa mama, nikasukuma swichi chini mpaka ikashika, nikaanza. Uzi wa tano, chuma cha tatu. Nyinyi wanamuziki hata kuhesabu mnaanzia miguuni. Vidole vyangu viliuma kama nimeshika jiko, na kilichotoka kilikuwa ni mlio wa ng'ombe anayekataa lori. Mama alikunja uso. Akasema anasikia mngurumo lakini hausikii wimbo. Nilitaka kulivunja ukutani.

Ndipo akanyoosha mikono. Akalichukua, akalipakata mwenyewe, mgongo wa gitaa tumboni pake, akaingiza kiganja nyuma ili asikie mbao zikitetemeka. Akaniambia, "Piga wewe, mimi nalishikilia." Nikainama mbele yake, nikapiga vile vile vibaya. Akatulia. Nikadhani ameupata. Kumbe kiganja chake kilikuwa kinatembea mgongoni mwa gitaa, kwenye ile mikwaruzo.

Akasema, "Huu ni mkanda wa baba yenu."

Nikamwandikia kuwa mikanda iko mingi duniani. Akanishika kidole, akakiburuta kwenye mbao kama mwalimu anayemshika mtoto mkono. Mmoja wa kina, mmoja mwepesi. Mmoja wa kina, mmoja mwepesi. Chuma cha kufungia mkanda wa baba kilikuwa na meno mawili, na moja lilipinda kwa kufungulia chupa za soda. Mkanda uliokwenda nao wewe baba alipofariki, ukauvaa kiunoni mpaka jukwaani. Mkanda ambao mimi, mimi Mkaguzi, niliung'arisha kila Jumamosi ya utoto wangu! Nikimwona ng'ombe najua kachinjwa na kisu cha nani. Na hilo nikaliita kucha za paka.

Sikungoja. Nilikwenda kwa Waya na kumbana kwenye kona ya duka lake mpaka akasema. Kanieleza jinsi mlango wa gari la bendi ulivyokubana mkono wa kushoto mlipokuwa mnashusha spika. Kanieleza kuwa mshipa umekatika na vidole vitatu havikunjiki tena. Kanieleza kwamba bendi ilishamchukua mwingine, na kwamba gitaa ulimtumia yeye kwa basi kulipia hospitali, ukamwapisha asiseme, na ukamwomba auze kwa mtu wa hapa hapa. Hakuna ziara. Hakuna mwenye hoteli. Upo tu chumbani unaniandikia kwa mkono wa kulia uliobaki mzima, na mwandiko wako mzuri ukanidanganya.

Sasa nisikilize. Nimeona kinyaa, na mara hii najua ni cha nini. Si cha mkono wako. Mikono iliyoumia naishi nayo, nusu ya wachinjaji wangu hawana vidole kamili. Kinyaa changu ni kwamba nilikuita dalali wa nyamafu na wewe ukaona bora nibaki na hilo kuliko nijue umeumia. Ukakubali kwa saini! Ulituonaje? Ulidhani mama anakupendea vidole? Ninajichukia kwa barua ile niliyokuandikia, na ninakuchukia wewe kwa kuijibu ulivyoijibu.

Mama anajua yote, nilimwandikia karatasi mbili. Alisoma, kisha akaniuliza ile ndoo iko wapi. Nimeitafuta. Imepasuka mdomo lakini bado inakalika.

Njoo. Mimi nina vidole kumi visivyojua kitu, nawe una kichwa kinachoujua wimbo wote. Utakaa kwenye ndoo, utaniambia nibonyeze wapi, na nikikosea utanitukana, nina deni lako la matusi. Hiyo sehemu ya katikati isiyoandikika njoo uiseme kwa mdomo. Wiki hii mama hakusikia mlango ulipogongwa kwa nguvu, kwa hiyo usinisumbue na habari ya kujipanga.

Na zile shikamoo zako zote nilizoziacha zikining'inia, marahaba. Marahaba zote.

Dada yako


Mjini
8 Aprili

Dada,

Umesugua shingo ya gitaa langu kwa mswaki na spiriti? Kwa mswaki? Nimelijaza jasho miaka yote ile, wewe umelimwaga na maji ya beseni! Nimeshindwa hata kumaliza uji. Utalinunulia mafuta ya mbao, na utalipaka mwenyewe nikikuangalia.

Mkono wenyewe utauona. Mimi nauonea kinyaa, naulaza chini ya mto ili nisiutazame. Usinipe pole mlangoni. Nipe kazi.

Mama, najua ni wewe unayesoma kwanza. Jumamosi usifue mpaka nifike.

Vidole